Mitumbwis

Siku ya tatu nimeketi juu ya ghala la barafu, Kirumba,
sakafu inatetemeka mashine ikisaga,
nachagua chombo.
Si wavu, si kasia. Chombo cha kuisoma hifadhidata
na kuichongea mlango,
ili simu za wapimaji kwenye mialo ya Ukara
ziulize: mtumbwi huu umeleta kilo ngapi?
na zijibiwe kabla barafu haijawa maji.

Hifadhidata aliijenga karani Lushina,
kabla hajahamia Geita kufuata dhahabu.
Majedwali kumi na manne. Safuwima aliziita alivyopenda:
*klo*, *tar*, *dn*.
Dn ni deni. Niliuliza watu wanne ndipo nikalijua hilo.
Lakini funguo zake alizifunga barabara:
kila mzigo unaujua mtumbwi wake,
kila mtumbwi unamjua mwenyewe,
humo ndani hamna kilo yatima.

Chombo cha kwanza kilikuwa na haraka.
Amri moja, sekunde tisa,
milango kumi na minne wazi,
na kwa hisani yake kikaweka wingi:
*mitumbwis. mizanis. dagaas.*
S nyuma ya kila jina
kama ushuru ambao hakuna aliyeutangaza.
Nikacheka peke yangu. Kisha nikaacha.
Kisichojua kwamba mitumbwi ni wingi tayari
kitajua nini
deni linapokuwa madeni?

Cha pili kilikuwa na adabu ya hotelini:
sema unachotaka, upewe hicho, usizidishiwe.
Nikaagiza mizigo,
na ndani ya mizigo, mitumbwi,
na ndani ya mitumbwi, wenyewe,
na ndani ya wenyewe nikazidi kuzama.
Seva ikahema.
Kumbe kwa kila mzigo ilikwenda na kurudi peke yake,
safari elfu mbili na moja,
kama mtu anayehamisha mchanga wa Igombe kwa kijiko.
Dawa ipo, niliisoma. Ina kurasa arobaini.

Bugumba mwenye ghala akapanda ngazi.
"Si kile cha kwanza kilifanya kazi?
Hiyo S inakula nini?"
Sikuwa na jibu la kumtosha mtu
anayelipia umeme wa barafu.

Nyuma yake alipanda Nyanzobe kuomba kalamu.
Yeye hupima. Miaka kumi na moja yuko na mizani,
vidole vimechanikachanika kwa miba ya sangara.
Akaisoma skrini juu ya bega langu,
midomo ikitembea,
mpaka mstari wa mia mbili na sita.
Jina lake. Namba yake ya simu.
*dn: 340000.*
"Hii," akauliza, "na wa Ukara ataiona?"
Nikampa kalamu.
Alipofika chini ndipo nikakumbuka haina wino.

Cha tatu hakina maneno matamu.
Kinasema: mlango hakuna.
Andika nani aone nini, ndani ya hifadhidata yenyewe,
jedwali kwa jedwali, mstari kwa mstari.
Nisipoambiwa, sifungui.
Majina kikayaacha kama kilivyoyakuta.

Kimenikesha mara mbili.
Mpimaji aone uzito.
Mwenye mtumbwi aone mtumbwi wake.
Deni alione mdaiwa na mdai,
basi.
Bugumba amesema nimechelewa, na kweli nimechelewa,
amenikata elfu hamsini.

Jumanne alfajiri simu ya kwanza ikauliza kutoka ng'ambo ya maji.
Nikaona jibu likipita: *mitumbwi, 31.*
Bila mkia.
Dakika sita baadaye mwingine akajaribu mlango wa madeni.
*Huna ruhusa*, akaambiwa,
kwa maneno niliyoyaandika mwenyewe
saa tisa usiku, nikila karanga.

Nilitaka kuibadili *dn* iandikwe deni, kwa kirefu.
Nimeiacha.
Nyanzobe anaijua.
Atakayekuja baada yangu
naye aulize watu wanne.